Jicho la Pili na Maharage ya Ndayizeye

Kalundu, Jumamosi tarehe 9, mwezi wa tatu. Mvua ilianza kabla ya jogoo na ikaacha saa nne. Milima ya upande wa Mulenge haijaonekana tangu asubuhi, na mto Mulongwe unaingia ziwani ukiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nimeanza na mvua kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa: kabla ya kuandika neno lolote la maji, andika kwanza mbingu zilikuwaje. Wiki iliyopita nilikabidhi kamba, sahani na ufunguo wa chumba cha machupa, na vijana wa kazini wakaniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tunafanya zamani. Niliwaambia masomo yangu yaliishia shule ya msingi, na Kifaransa changu ni cha kusalimia tu. Wakasema, "Mama Neema, andika namna unasemaka." Basi naandika namna ninavyosema. Sijui kama itawafaa. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha: vyeo vilikuwa vifupi, na mshahara, miaka mingine, ulikuwa habari ya kusikia kwa wengine.

Niliajiriwa kuosha machupa. Kituo chetu kilikuwa nyumba ndogo juu ya bandari ya Kalundu, na kazi yake ilikuwa kupima maji ya ziwa. Siku ya kwanza nilikuja na sabuni yangu kutoka nyumbani, nikasugua machupa yote yakang'aa, nikayapanga juani kama sahani za arusi. Halafu akaingia Papa Kashindi, Muvira wa hapa hapa Kalundu, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Yeye ndiye alikuwa mpimaji. Alichukua chupa moja akainusa.

"Weye mama, unataka samaki waoge?"

"Papa, nimeosha vizuri."

"Umeosha vizuri sana. Sabuni inabaki mu chupa, halafu tutaandika ziwa lote iko na sabuni. Kule Kigoma watashangaa: Wakongomani wamekuwa wasafi namna gani!"

Akanifundisha kwamba chupa ya ziwa huoshwa kwa ziwa. Ukifika mahali pa kuchota, jaza, tikisa, mwaga, rudia, rudia tena, ndipo uchukue maji yako. Baadaye nimemfundisha hivyo kila aliyeajiriwa nyuma yangu, na karibu kila mmoja alikuja na sabuni.

Kitu cha pili alichonionyesha ni sahani. Minye, yaani mimi, nilidhani ni ya kulia. Ni chuma cha mviringo, upana wa sinia ndogo, robo mbili nyeupe na robo mbili nyeusi, kina jiwe chini na kamba juu. Unaiteremsha majini polepole upande wa kivuli cha mtumbwi, jua lisikudanganye, na unaiangalia mpaka inapotea. Pale inapopotea ndipo unahesabu kamba. Maji yakiwa safi, sahani inakwenda mbali. Udongo ukishuka kutoka milimani, inapotea karibu na mkono wako. Ni hivyo tu. Nimeona mashine nyingi tangu wakati ule, nyingine zina akili kunishinda, lakini sijaona moja ambayo mtu asiyesoma anaweza kuitazama na kuelewa palepale kwamba kilima cha nyuma ya nyumba yake kimeingia ziwani.

Na kamba. Vijana, naomba mnisikilize hapa hata kama hamtasikiliza pengine. Kamba mpya ni mwongo. Ikilowa inarefuka, na namba zako zote zinakuwa za uongo bila weye kujua. Papa Kashindi aliilaza majini, halafu akaifunga kati ya michikichi miwili na kuning'iniza jiwe katikati, akaiacha mpaka ichoke. Ikishachoka ndipo alifunga vitambaa vyekundu, kimoja kwa kila mita. "Kamba ni kama mukwe," alisema. "Usiiamini kama haijabeba kitu."

Sasa nije kwenye jicho la pili, maana bila hilo habari yangu haieleweki.

Ziwa letu linazungukwa na nchi nne: sisi, Burundi, Tanzania na Zambia. Watu wa mikutano wanapenda kusema kwamba maji hayajui mipaka. Ni kweli. Lakini wapimaji wa maji wanaijua mipaka vizuri sana. Miaka yangu ya kwanza kila nchi ilipima peke yake, na namba hazikupatana. Watu wa Bujumbura walisema udongo wa kaskazini unatoka kwetu, mito ya Mulongwe na Kavimvira. Sisi tulisema unatoka mto Ruzizi, kwa upande wao. Nikiulizwa leo, nitasema pande zote mbili zilikuwa na haki, na kila upande ulipima siku ambayo mto wake umetulia.

Nchi nne zikakaa, zikapatana. Kupatana kulichukua mikutano mingi, na minye nilienda mmoja tu, kubeba machupa. Mapatano yalikuwa hivi: siku moja, kwa jua moja, kila upande unateremsha sahani ya namna moja, na mchana, saa nane, kila mtu anasoma namba yake kwenye foni, yaani ile redio ya kuongelea ya bandarini. Kwa sisi wa kaskazini waliongeza sharti: katika mtumbwi wawe watu wawili, mmoja wa kila ng'ambo, wakitazama sahani ile ile. Wakikubaliana, namba inaandikwa. Wasipokubaliana, sahani inashuka tena. Kama hakuna mtu wa ng'ambo ya pili, mahali pa namba panabaki wazi. Watu wa bandarini wanapenda kusema wazo hilo lilikuwa la Papa Kashindi. Hapana. Lilikuwa la shefu wetu wa wakati ule, mtu msomi na mpole, na haki yake tumpe.

Jicho la pili aliyeletwa kwetu aliitwa Ndayizeye. Mrundi wa Bujumbura, mfupi, mwenye sauti kubwa, na mbishi. Jicho la ng'ambo yetu lilikuwa langu. Sahani ikiteremka, minye nikisema, "Imepotea," yeye anasema, "Naiona bado."

"Unaona nini, Ndayi? Unaona mapenzi yako."

"Mama Neema, macho yenu ya Kalundu yamejaa moshi wa ndagala. Teremsha."

Tunateremsha tena. Papa Kashindi ameshika kamba, anacheka chini ya kofia yake. Mara nyingine Ndayizeye alikuwa na haki, mara nyingine minye, na namba tuliyoandika ilikuwa ya wote wawili. Kila alipokuja alileta mfuko wa maharage ya kwao, yale ya njano yanayoiva upesi. Papa Neema, mume wangu, alikuwa fundi wa kujenga na hakujali habari za sahani hata kidogo, lakini siku za kupima alizijua kuliko minye. "Kesho ni maharage," alikuwa anasema.

Halafu vita vikaingia.

Sitaandika ni jeshi gani lilitoka na gani liliingia. Yalikuwa mengi, na vijana watakaosoma hapa wana ndugu kila upande. Tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Tuliporudi mara ile ndefu, chumba cha machupa kilikuwa kitupu. Machupa yetu niliyaona sokoni, yanauzwa na mafuta ya mawese ndani. Sikuwasema vibaya waliochukua. Mafuta yanahitaji chupa, na ziwa lilikuwa linaweza kungoja. Sahani ilipona kwa sababu mke wa Papa Kashindi alikimbia nayo milimani kama kifuniko cha sufuria. Ilirudi na alama ya moto pembeni, na alama hiyo iko bado mpaka leo.

Mpaka wetu na Burundi, pale Kavimvira, ulifungwa. Bila mpaka, hakuna Ndayizeye. Bila Ndayizeye, mahali petu pakabaki wazi, msimu mmoja, na mwingine. Tulipima hata hivyo, Papa Kashindi na minye, lakini kwa macho ya ng'ambo moja, na saa ya foni tulisema tu, "Kalundu, hakuna." Inauma kusema hakuna wakati sahani bado inachuruzika maji miguuni pako.

Siku moja Juma wa Kigoma, msoma namba wa Tanzania ambaye sura yake sikuwahi kuiona, alituambia kwenye foni kwamba wakubwa wanapanga wapi waanze kupanda miti na kuzuia udongo. "Watafuata namba, mama. Penye pengo watapaacha kwanza. Mtafuteni mwenzenu." Ujumbe ukapita Kigoma, ukafika Bujumbura, na Ndayizeye akajibu kwa njia hiyo hiyo kwamba atakuja kwa mtumbwi wa wamama wa soko, wale waliokuwa wanaruhusiwa kuvuka asubuhi na kurudi jioni.

Ikabaki kuchagua siku. Hapa ndipo lilipo kosa, na lilikuwa kosa la watu wa ziwa kabisa. Mtu wa milimani asingelifanya. Ndagala, wale samaki wadogo ambao Kigoma wanawaita dagaa, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa, samaki hawafuati taa, na wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakunywa. Wiki ya mwezi ndiyo wiki ambayo unapata mtumbwi wenye mota kwa bei ya urafiki, na hakuna nyavu za kukukwamisha. Sisi sote, wa ng'ambo zote nne, tulikuwa tunapima wiki ya mwezi tangu zamani. Hakuna aliyefikiri mara mbili.

Asubuhi hiyo Ndayizeye alishuka kwa wamama wa soko akiwa amekonda, mfuko begani. Hatukupita nyumbani, jua lilikuwa linapanda. Aliruka moja kwa moja ndani ya mtumbwi wetu na mfuko wake.

"Maharage?" nikamuuliza.

"Ungeniuliza kwanza kama niko mzima."

"Nakuona uko muzima. Maharage ndiyo sijayaona."

Tulikuwa hatujafika mbali. Sahani haijagusa maji. Mota ya askari ikatujia kutoka nyuma ya gati, wakatufunga kamba na kuturudisha ufukweni kama samaki aliyekufa.

Komanda wao alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakutupiga, na hakuacha tupigwe. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

"Mama," akaniambia, "minye nilizaliwa Bwegera, lakini nilikulia hapa ku Kalundu. Mwezi umejaa. Wiki hii hakuna muvuvi anatokaka. Ziwa iko tupu. Sasa niambie, mtumbwi wenu unatafuta nini mu ziwa tupu?"

Alikuwa na haki. Tulichagua wiki ile kwa sababu ziwa litakuwa tupu, na yeye alitukamata kwa sababu hiyo hiyo.

Wakatoa vitu vyetu mchangani: sahani, kamba, machupa, mfuko wa Ndayizeye. Watu wa soko la samaki wakajaa. Wakati ule kolera, yaani kipindupindu, ilikuwa mtaani, na kulikuwa na maneno kwamba kuna watu wanatia sumu ziwani. Wakaona machupa. Wakamsikia Ndayizeye akisema Kiswahili cha ng'ambo. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Ndio hao!" Mwingine akamjibu, "Nyamaza, yule ni Mama Neema, anakununulia ndagala kila siku." "Ndagala ananunua, na yule Mrundi ananunua nini?"

Komanda alituuliza mmoja mmoja, kila mtu peke yake nyuma ya mtumbwi, sahani ni ya nini. Tulisema neno moja: unaiteremsha upande wa kivuli, unaitazama mpaka inapotea. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Watu watatu wa mtumbwi mmoja wanaweza kupanga maneno.

Akachukua chupa. "Hii iko na nini?"

"Maji ya ziwa, komanda. Nilichota pale karibu na gati kuoshea."

"Basi kunywa."

Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya mazuti, mafuta ya mota, lakini niliyamaliza. Watu wakashusha pumzi. Halafu akainua chupa ndogo yenye maji ya rangi ya kahawa.

"Na hii?"

"Hiyo sinywi."

Watu wote wakasema, "Eeeh!" Nikasikia Ndayizeye nyuma yangu akitaja jina la Bikira Maria.

"Sababu gani hunywi?"

"Iko dawa. Tunatia tone ndani ya chupa ili vijimea vya maji visioze njiani. Ukinywa utaumwa. Inaingia mu chupa, haiingiaka mu ziwa."

"Kwa hiyo ni sumu."

"Kwa mwenye kuinywa, ndiyo."

Papa Kashindi akaninong'oneza, "Mama Neema, ungedanganya kidogo."

"Ningedanganya, Papa, ningeinywa."

Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Huenda mtu mwenye maneno mazuri angeeleza bila kumtia mwenzake hatarini. Maana komanda aliweka chupa chini polepole, akaonyesha kidole: minye na Papa Kashindi tubaki, Ndayizeye apelekwe juu, kambini. Kila mtu wa Kalundu alijua kambi ile. Njia yake ya kupanda ilikuwa pana, na walioshuka walikuwa wachache. Askari wawili wakamshika mikono. Ndayizeye, ambaye sijawahi kumwona akikosa la kubisha, alianza kuwafuata. Alinitazama tu, kama vile anauliza kama naiona bado.

Papa Kashindi akavua kofia yake. Miaka yote ile sikuwahi kumwona kichwa wazi.

"Komanda, mwanangu. Jua iko wapi? Inakaribia saa nane. Saa nane watu wa ziwa lote wanaongea ku foni, na foni iko mu biro ya bandari, mikononi mwenu. Sisi hatutafungua mdomo. Simama weye mwenyewe usikilize. Ukisikia uongo, mulima hautakimbia, utamupandisha tu."

Komanda akafikiri. Halafu akasema, "Twende. Na huyu naye."

Biro, ile ofisi ya bandari, ilikuwa na joto, tukabanana ukutani, Ndayizeye katikati ya askari wake wawili. Komanda aliweka kidole mdomoni. Foni ilikoroma, ikapiga mluzi, halafu sauti ya Juma ikaingia kana kwamba yuko mlangoni.

"Kalundu, Kalundu, hapa Kigoma. Mpulungu wa Zambia wameshasoma, sisi tumeshasoma. Ninyi mmelala?"

Komanda hakuondoa kidole mdomoni.

"Mama Neema, mbona hamjibu? Jicho la pili limefika? Yule Ndayizeye mbishi, amefika au hajafika? Kama amefika, mwambieni leo asianze zile 'naiona bado' zake. Jua linateremka, jamani."

Askari mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Komanda akachukua kile cha kuongelea.

"Hapa Kalundu. Weye ni nani?"

"Mimi Juma. Na wewe sauti ngeni. Mfanyakazi mpya?"

Komanda alitutazama. Akasema, "Ndiyo. Mupya."

"Karibu kazini, ndugu yangu! Wamekufundisha sahani?"

"Nifundishe weye."

Na Juma, ambaye hakuona bunduki wala mchanga wala Ndayizeye ameshikwa mikono, akamfundisha. Alimwambia sahani inashuka upande wa kivuli cha mtumbwi. Alimwambia jua linadanganya. Alimwambia aitazame mpaka ipotee, na asimwamini mtu yeyote anayesema imepotea mpaka mtu wa ng'ambo ya pili akubali. "Ndiyo maana tunamhitaji huyo Mrundi," akasema. "Bila yeye, namba yenu haisomeki huku. Pengo tupu tena, na miti itapandwa kwingine. Mmenisikia? Mtunzeni huyo mtu kama yai."

Komanda alimtazama Ndayizeye, kile cha kuongelea mkononi. Halafu akasema, "Kigoma, mungoje. Watasoma." Akawageukia wale wawili. "Mumuachilie."

Alikuja naye mtumbwini. Sijui kama ni kwa kutuamini au kwa kutotuamini. Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Papa Kashindi aliteremsha kamba. Minye na Ndayizeye tuliinama juu ya ubao wa mtumbwi. Kitambaa kimoja kikazama, na kingine, na kingine. Sahani ikawa ndogo, kijani, kama mwezi wa mchana.

"Imepotea," nikasema.

Nikafikiri, leo wamemvunja, leo atakubali tu.

"Naiona bado," akasema Ndayizeye.

Komanda naye alikuwa ameinama nyuma yetu, bunduki mgongoni. "Hata minye," akasema. "Naiona bado."

"Umesikia!" Ndayizeye akageuka, sauti yake imerudi yote. "Hata jeshi linaiona!"

"Komanda ni wa ng'ambo yetu," nikamwambia. "Jicho lake halihesabiwi."

Papa Kashindi alicheka mpaka kamba ikatikisika, ikabidi tuanze upya. Mara ya pili tulikubaliana. Tuliandika kwamba imepimwa jua limekwisha kupita kati, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na tukaisoma Kigoma. Juma akasema, "Kalundu, iko." Neno dogo tu. Papa Kashindi alivaa kofia yake.

Tulipomfikisha Ndayizeye kwenye mtumbwi wa wamama wa soko, walikuwa tayari wanasukuma. Sahani tulirudishiwa, na kamba, na machupa yote, hata ile ya dawa. Mfuko wa maharage haukurudi. Nyuma ya biro kulikuwa na sufuria kubwa mafigani, na harufu yake niliijua. Sisemi waliiba. Huenda walidhani ni ushuru, na nyuso zao zilionyesha hawajala chakula cha maana siku nyingi. Ndayizeye aliiona sufuria, akaniona namna nilivyoitazama. Akapiga kelele kutoka majini, "Mama Neema! Mengine yatakuja!"

Jioni ile Papa Neema alikuwa ameshanunua mafuta ya mawese. Nilimweleza yote, kambi, foni, kila kitu. Alimshukuru Mungu kwanza, ni mtu wa sala. Halafu akatazama sufuria. "Kwa hiyo haya mafuta," akasema, "tutapaka bugali?"

Baada ya pale tulipima karibu kila msimu. Mara nyingine kwa shida. Lakini tuliacha kupima wiki ya mwezi, na kabla ya kutoka tulipeleka habari kwa yeyote aliyekuwa ameshika bandari, na wengi wao, nawasema kwa haki, walituacha tupite. Komanda yule alihamishwa, sikumwona tena. Ndayizeye naye aliendelea kuvuka, lakini baada ya siku ile askari wa ng'ambo zote mbili hawakuruhusu mfuko wa chakula. Miti ilipandwa. Si kila kilima, na mbuzi walikula mingi, lakini nyuma ya mtaa wetu kuna mteremko ambao zamani ulikuwa mwekundu na sasa watoto wanakwenda kuokota kuni zilizoanguka. Sitaki kuwadanganya kwamba ziwa limepona. Leo Mulongwe umeingia na rangi ya chai ya maziwa, nimeandika hapo juu. Na ziwa lenyewe limepanda, limekula nyumba za majirani zangu, na hakuna nchi moja kati ya zile nne inayoweza kulishusha peke yake. Ninachoweza kusema ni kwamba watu wanne wa foni wamekuwa watu wengi wa simu, na bado wanasubiriana.

Leo, mvua ilipoacha, vijana walitoka na sahani. Walikuwa na mashine yao pia, lakini sahani ilienda kwanza. Jicho la pili siku hizi ni msichana wa Bujumbura anaitwa Chantal. Amevuka kwa barabara, Kavimvira, na mpaka uko wazi. Nilisimama gatini na mwavuli wangu. Siku hizi sina kazi pale. Nikasikia kijana wetu akisema imepotea, na sauti ya Chantal ikaja juu ya maji, kali, "Hapana! Teremsha!" Nikajua kwamba naweza kurudi nyumbani.

Jioni alikuja kunisalimu, na mfuko begani. "Mzee Ndayizeye amekuwa dhaifu wa miguu, hatembei mbali," akasema. "Ameniambia nilete hii mpaka jikoni kwako, nisipitie bandarini."

Tumekula bugali ya muhogo, ndagala kidogo, na maharage ya njano kwa mawese. Chantal alisema kwao hayawekewi mafuta mengi hivyo, tukabishana. Papa Neema hakuingia katika maneno hayo. Alikomba bakuli lake, akalilamba, akaliweka chini.

"Yamechelewa," akasema. "Lakini yamefika."